Ubeti wa Mwisho wa Zuhra Mwinjuma

Magodoro matatu ya Consolatha yalikuwa yameegemezwa madirishani, na sebule yake pale Kibiti ilikuwa na giza la mchana na harufu ya pamba iliyolaliwa miaka mingi. Aliyetaka yawekwe hapo ni Mudathiri, kijana wa miaka thelathini hivi kutoka Dar es Salaam, aliyetumwa na hifadhi moja ya sauti kuja kuwarekodi upya Jamaa ya Kapinga, kundi la muziki la akina Consolatha. Alisema magodoro humeza mwangwi na kelele za bodaboda. Consolatha na dada yake Devotha walitazamana wakacheka, maana hata mara ya kwanza, mwaka themanini na nane, watu wa redio waliziba madirisha ya darasa kwa magodoro ya bweni, kunguni wakiwa humohumo.

"Dunia imepiga hatua," alisema Consolatha, akijikuna mkono kwa kukumbuka tu. "Ila godoro limebaki palepale."

Mudathiri alikuwa na adabu ya kijana aliyelelewa na bibi. Alipomaliza kusimamisha vinasa sauti vyake, alimletea Devotha karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa orodha ya nyimbo kumi na mbili za kundi lile, na mbele ya kila wimbo palikuwa na nafasi ya jina la mtunzi. Nafasi zote zilikuwa zimeshajazwa. Mbele ya wimbo wa tano, wimbo wa mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, ule wimbo uliopigwa redioni na kuimbwa harusini mpaka watu wakadhani umekuwepo tangu dunia iumbwe, palikuwa pameandikwa: Agapiti Kapinga.

"Mama, naomba usome, kisha uweke sahihi," alisema. "Kama kuna kosa tusahihishe leo. Kesho kutwa inaingia kwenye kumbukumbu, na ikishaingia, imeingia. Hata wajukuu wa wajukuu watakuta hivyohivyo."

Devotha aliitazama karatasi kwa muda. Akasema atasoma akipata miwani yake, na wakati huo miwani ilikuwa imekaa juu ya paji la uso wake. Consolatha aliiona, akaendelea kukaza nyuzi za gitaa. Wale wawili walikuwa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, wakaolewa na ndugu wawili, na katika miaka arobaini walikuwa wamejifunza lipi la kusema na lipi la kuachia nyuzi.

Ukweli ni kwamba karatasi ile ilikuwa na kosa, na Devotha alilijua tangu alipokuwa na miaka ishirini na saba. Zaidi ya hapo, alijua lilikotoka.

Walifika Kibiti kutoka Songea, yeye akiwa mkunga mpya na mumewe Agapiti akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Agapiti alikuwa mrefu, mikono haina pa kuiweka, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akisikia mtu anaimba wimbo asioujua, alisahau njaa. Kisha mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani, aliporudi kwao aliwaachia redio ya kaseti na kaseti moja iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na familia ya milimani huko Marekani, watu wa zamani, wa enzi za babu zao: mwanamume aliyezunguka vijijini akiokota nyimbo kwa wakulima na vibarua, mkewe mwenye sauti nzito isiyo na mapambo, na ndugu wa yule mke aliyepiga gitaa kwa namna ya ajabu, dole gumba likibeba sauti ya wimbo kwenye nyuzi nene na vidole vingine vikicheza juu. Yule Mmarekani aliwasimulia kwamba watu wale walirekodiwa mara ya kwanza katika ghala la zamani la kofia. Agapiti alisikiliza kaseti ile kuanzia asubuhi mpaka betri zikalegea, halafu akamwambia Devotha, "Mke wangu, hawa ni sisi."

Wakawa hao kweli. Consolatha alifunga mlango siku tatu akalilazimisha dole gumba lake kutii. Devotha akawa sauti. Agapiti akawa miguu. Alitembea Ruaruke, akatembea Mloka ambako watu walimwimbia wakiwa juu ya dungu wakilinda mahindi yasiliwe na tembo, akavuka kwenda visiwa vya delta kwa wakata mikoko. Lakini wanawake wa visiwani hawakuwa wa kumwimbia mwanamume mgeni mwenye daftari, kwa hiyo Devotha alikwenda naye, akaketi jikoni na wenyeji, akasaidia kuparua samaki, akasikiliza. Alikuwa na sikio lisilomwaga kitu. Njiani kurudi, Agapiti alitoa daftari na kalamu akasema maneno yaleyale kila safari: "Sema tena, polepole, niandike." Naye akasema, na Agapiti akaandika huku akijikwaa, na hiyo, kama kuna mtu angemuuliza Devotha, ndiyo ilikuwa ndoa yao. Nyumbani hawakuwa na mengi ya kuambiana.

Wimbo wa mkandaa waliupata kisiwani, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi kutoka Nyamisati, kwa mwanamke aitwaye Zuhra Mwinjuma. Alikuwa mke wa mkata boriti, mweusi wa kung'aa, hacheki ovyo. Alimpa Devotha wali na kamba, akangoja ashibe, kisha akaimba:

*Mkandaa haukatwi, maji yakiwa yajaa,*
*Wala mtu hasakamwi, moyoni akikataa.*

Ulikuwa na beti saba, na ubeti wa saba ulifunga hivi:

*Mtunzi Zuhra Mwinjuma, jina silitupi jaa.*

"Wimbo huu nilimwimbia baba yangu," alisema Zuhra alipomaliza, "na yule tajiri wa boriti aliyetaka kunioa kwa nguvu. Nilisimama ngomani mbele ya watu wote. Nilipofika mwisho nikajitaja, ndipo wakajua sitanii. Basi nimekupa, mwanangu, nenda nao. Ila ukiuimba, nitaje. Wimbo usio na jina ni umbeya."

Devotha aliitikia kwamba atamtaja. Aliitikia kwa wepesi, kama mtu anavyoitikia salamu.

Alikuwa amelelewa kwenye kwaya ya kanisa. Kule, wimbo ulikuwa wa Mungu, na jina la aliyeutunga lilikaa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyezisoma. Mtu kujitaja ndani ya wimbo wake kulimnukia majivuno kidogo, ama kulikuwa desturi tu ya watu wa pwani, pambo la kumalizia, kama tarizi kwenye pindo la kanzu. Hakuelewa kwamba kwa Zuhra jina lile ndilo wimbo, na beti sita zilizotangulia zilikuwa njia ya kulifikia.

Watu wa redio walipokuja Kibiti kurekodi wasanii wa wilaya, Agapiti alipendekeza ubeti wa saba waukate. Aliona aibu kuimba jina la mtu asiyejulikana mbele ya wageni. Devotha alikataa, maana bila ule ubeti sauti ilibaki angani haina pa kutua. Akakaa kwenye ngazi za darasa akimnyonyesha binti yao Wilhelmina, akahesabu kwa vidole mgongoni mwa mtoto, na akaona kwamba mahali pa *Mtunzi Zuhra Mwinjuma* panakaa sawasawa *Watunzi wa kwa Kapinga*. Akaimba kwa sauti ndogo. Likakaa kama mguu kwenye kiatu. Consolatha akapiga makofi. Agapiti akafurahi mpaka macho yakalowa, akasema hata kwenye jalada la kaseti ya wale Wamarekani lilikuwepo jina la familia tu. Ni yeye Devotha aliyelifanya hilo, si mumewe. Alilifanya asubuhi kweupe, na lilimpendeza.

Miaka saba baadaye alihamishiwa zahanati ya Nyamisati. Siku moja waliletwa kwa boti mama mjamzito na mkwewe, na mkwe ni Zuhra Mwinjuma. Mtoto alizaliwa salama. Devotha alipokuwa akinawa mikono, Zuhra alikuja akasimama nyuma yake.

"Weye ndiye uliyeniimba redioni?"

"Ni mimi, bibi."

"Umeniimba vizuri. Miye mwenyewe sikupata kujiimba hivyo." "Ila mwishoni ukanishusha njiani. Kwani nilikukosea?"

Maji yalikuwa yanamwagika, na Devotha alisema jambo la kwanza lililomjia. "Si mimi, bibi. Ni mume wangu. Yeye ndiye mwenye maneno."

Zuhra alimtazama, uso wake ukalegea. Alimshika mkono uleule uliolowa, akasema, "Wanaume," kwa huruma kabisa, kisha akaenda kumwangalia mjukuu wake. Hakurudi tena kuulizia. Alifariki miaka kumi iliyopita, na Devotha alipata habari kwa muuza samaki. Watu wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa miaka mingi Devotha alijaribu kuliegemea neno hilo, nalo likawa linateleza. Angekuwa ametukanwa siku ile, angekuwa ameshasahau. Kilichomkaa kooni ni ile huruma, aliyopewa kwa kosa alilomtwika mwingine.

Agapiti alifika saa sita, ameshuka kwenye basi la kutoka Mloka, ambako alikuwa akiishi peke yake na shamba lake la ufuta. Walikuwa wameachana miaka ishirini iliyopita bila kelele. Alirudi safarini akakuta mkewe amepanga chumba karibu na zahanati, akaelewa, akambebea kitanda mpaka huko. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, na daktari alikuwa amemwambia moyo wake umekuwa mkubwa kupita kifua. Alikuwa amevaa koti na tai, na kwapani alikuwa na daftari.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mudathiri.

"Marahaba, baba. Shemeji, hujambo? Na dole gumba je?"

"Lina baridi yabisi," alisema Consolatha. "Lakini bado lina kiburi."

Agapiti aliipokea karatasi, akaisoma kwa kidole, na kidole kilipofika wimbo wa tano kilisimama. Devotha aliona jinsi alivyoinua mabega ndani ya lile koti. Mtu yule hakuwa amepata nyumba ya bati wala cheo, na hata jirani zake Mloka walimjua kama mzee wa ufuta tu. Mstari ule ndio uliokuwa mavuno yake yote, naye Devotha alikuwa amekuja siku hiyo kuyang'oa. Akasema anaomba waongee nje kidogo.

Walikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na majiko, palipokuwa na sufuria la wali limefunikwa kwa makaa. Devotha hakujua kuzunguka.

"Baba Wilhelmina, leo nataka kuimba ubeti wa mwisho kama tulivyopewa. Na pale kwenye karatasi liandikwe jina la Zuhra."

Agapiti alikitazama kifuniko cha sufuria. "Nyimbo mia moja na zaidi," alisema hatimaye. "Na huo mmoja ndio watu wanaonijua nao. Ukimtaja yeye, mimi nitakuwa nilifanya nini?"

"Ulitembea."

"Kutembea hata mbuzi anatembea."

"Mbuzi haendi kisiwani kuuliza watu wanaimba nini. Bila miguu yako ule wimbo ungezikwa na mwenyewe. Hilo nitalisema mbele ya yeyote." Akavuta pumzi. Lililobaki ndilo alilokuwa akiliogopa. "Ila kuna jingine. Zuhra alinijia zahanati, mwaka wa tisini na tano. Akaniuliza kwa nini nilimtoa. Nikamwambia ni wewe uliyemtoa."

"Ulimwambia ni mimi."

"Nilimwambia ni wewe. Na wewe ulitaka kuukata tu. Aliyepachika Kapinga ni mimi."

Kuku alikuja akadonoa ukingo wa mkeka, wala Agapiti hakumfukuza. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejumlisha jambo peke yake.

"Nilirudi kule kisiwani mara tatu baada ya mwaka huo," alisema. "Mara tatu, Mama Wilhelmina. Walinipa maji, walinipa mahali pa kukaa, lakini hakuna aliyenifungulia kinywa. Wanawake walikuwa wakitwanga na kuimba, nikitokea wananyamaza. Nilidhani ni kwa sababu sikwenda nawe. Nikasema, basi, sikio langu limeniacha, na nyimbo zimeondoka nalo. Ndipo nikaacha kutembea."

Devotha alijua aliacha. Alidhani ni umri, ama uchungu wa kuachwa, na siku nyingine aliona ni haki yake. Hakuwahi kufikiri kwamba neno moja alilolisema akinawa mikono lingevuka maji, lifike jiko hadi jiko, na kumfungia mtu midomo ya kisiwa kizima. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nisamehe," alisema.

Agapiti alijiinua kwa shida, akishika ukuta. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Kijana anatusubiri," akatangulia ndani.

Walikaa kama walivyokaa zamani: Consolatha katikati na gitaa, Devotha kulia kwake, Agapiti nyuma kidogo, upande wa kushoto. Mudathiri alivaa visikilizio vyake, akainua kidole. Dole gumba la Consolatha likashuka kwenye uzi mnene, na ule wimbo ukaingia chumbani, mzima, haujazeeka hata siku moja.

Sauti ya Devotha ilikuwa imeshuka na kupata mikwaruzo, lakini ilijua njia. Katika kila ubeti, mstari wa mwisho uliimbwa mara mbili: kwanza yeye peke yake, kisha wote, Agapiti akiingia chini kwa sauti nzito. Siku zote alikuwa akichelewa kuingia. Watu wa redio walimkemea kwa hilo, na wasikilizaji wakampendea hilohilo. Ubeti wa kwanza aliingia, amechelewa vilevile. Wa pili aliingia, na wa tatu. Wa sita aliuimba macho yamefumba.

Ubeti wa saba ulipofika, Devotha alihisi *wa kwa Kapinga* limekaa tayari ulimini, kwa mazoea ya miaka thelathini na sita. Alilimeza. Akaimba:

*Mtunzi Zuhra Mwinjuma, jina silitupi jaa.*

Gitaa likazunguka ili wote warudie. Consolatha alifungua kinywa, akamwona shemeji yake hajafungua chake, akakifunga. Dole gumba likazunguka tena, kumpa nafasi. Likazunguka mara ya tatu. Agapiti alikuwa amemkazia macho Devotha, midomo yake imebanana. Mwishowe Consolatha akaweka kiganja juu ya nyuzi, na chumba kikawa kimya, kile kimya kizito cha magodoro.

Mudathiri alivua visikilizio taratibu. "Samahanini wazee wangu. Nadhani kuna kosa mwishoni. Mama amelitaja jina lingine, na Mwalimu hakuingia. Tunaweza kurudia."

"Mimi sikukosea," alisema Devotha. "Ukirudia mara kumi, nitaimba hivyohivyo."

Kijana aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaitazama karatasi iliyokuwa juu ya meza bila sahihi. Hakuna aliyemsaidia. Huko nje bodaboda ilipita, na magodoro yakaimeza.

Agapiti aliinama, akaliokota daftari chini ya kiti. Alilifungua katikati bila kutafuta, mahali ambapo karatasi zilikuwa zimelegea kwa kufunguliwa mara nyingi. Kutoka alipoketi Devotha aliweza kuziona beti zile kwa mwandiko wa Agapiti wa ujana, ubeti wa kwanza hadi wa sita. Chini yake palikuwa peupe. Hata *Watunzi wa kwa Kapinga* hakuwa ameliandika. Miaka yote ile alikuwa amepaacha hivyo, mistari ya daftari tu, nafasi ya ubeti mmoja.

Alipapasa mfuko wa koti, akatoa kalamu, akaijaribu kwenye kiganja kama inatoa wino. Kisha akaiweka ncha yake pale peupe, na bila kuinua macho akasema, "Sema tena, polepole, niandike."